Jina Lililobaki kwenye Orodha ya Wadaiwa

Ushuhuda huu namwandikia mwenzangu ambaye programu zake zinafanya kazi. Anayeshindwa kabisa ana bahati yake: kompyuta inamgomea mchana kutwa, naye analazimika kuuliza. Mimi nilikuwa yule mwingine. Nikiandika, inakubali. Majibu yanatoka, mteja anashukuru, mshahara unaingia. Kwa miaka kadhaa sikuwa na sababu ya kushuku kwamba naandika vibaya, na hakuna aliyeniambia, kwa kuwa hakuna aliyekuwa akisoma nilichoandika.

Nilianza na C, chuoni. Wanafunzi tulikuwa wengi na kompyuta chache, hivyo sehemu kubwa ya somo ilikuwa ubaoni na kwenye daftari. Lupu, yaani kile kipande cha programu kinachorudia kazi ileile mpaka iishe, tulifundishwa kwa namna moja: unaanzia sifuri, unaangalia kama umefika mwisho, unafanya kazi, unaongeza moja, unarudi. Herufi i ndiyo iliyohesabu. Mtihani tuliandika kwa mkono, na aliyesahau nukta mkato alikatwa alama. Simlaumu mwalimu. Katika C ndivyo mambo yalivyo. Orodha pale ni nafasi za kumbukumbu zilizopangana, na njia ya kawaida ya kuzifikia ni namba ya nafasi. Ila mimi nilitoka pale nikiamini kwamba kuhesabu nafasi ndiko kuandika programu kwenyewe.

Kazi ya kwanza niliipata Dar es Salaam, kwenye ofisi ndogo iliyotengeneza programu za Saccos, yaani vyama vya kuweka na kukopa. Walikuwa wanatumia Python. Nilijifunza Python kwa haraka ya mtu anayetafuta ajira: kila nilichokijua kwenye C nilitafuta huku kinaandikwaje, nikahamia na mizigo yangu yote. Nikitaka kuchapisha majina ya wanachama niliandika hivi:

for i in range(len(wanachama)):
    print(wanachama[i])

Tafsiri yake ni kwamba: hesabu wanachama ni wangapi, tengeneza namba kuanzia sifuri mpaka ziishe, kisha kwa kila namba nenda kwenye orodha ukamtafute aliyekaa nafasi hiyo, umchapishe. Lugha yenyewe ilikuwa tayari kunipokea nikisema tu:

for mwanachama in wanachama:
    print(mwanachama)

Nisiseme kwamba sikuijua njia hii. Niliiona siku za mwanzo kabisa za mafunzo, nikaidharau. Niliona ni ya watoto. Ile yangu ilikuwa na mabano mengi, ilionekana kazi ya mtu aliyekwenda shule. Tena nilipenda programu zangu ziwe ndefu. Mkuu wa ofisi akipita nyuma ya kiti changu anakuta kioo kimejaa mistari, naye anapita taratibu, asinisumbue. Vigeu vyangu niliviita x, x2, a, temp na temp2. Baada ya miezi mitatu hata mimi mwenyewe sikuweza kusema x2 ni nini, na hilo nalo nililichukulia kuwa ni dalili ya ugumu wa kazi.

Sasa nieleze kilichotokea.

Programu yetu ilitunza mikopo ya wanachama. Kila mwisho wa mwezi ilichukua orodha ya wote waliokopa, ikawaondoa waliomaliza kulipa, na waliobaki ikawatumia ujumbe wa simu: ndugu mwanachama, unakumbushwa rejesho lako. Sehemu ya kuwaondoa waliomaliza niliiandika mimi, kwa mtindo wangu uleule: zunguka kwa namba, ukikuta mtu salio lake ni sifuri, mfute papo hapo kwenye orodha unayoizunguka.

Nilipoijaribu ilikatika ikiwa inaelekea mwisho, ikatoa ujumbe kwamba nafasi ninayoiomba haipo kwenye orodha. Mtu mwenye hekima angesimama hapo. Orodha ilikuwa inapungua huku namba zangu zimeshapangwa kwa urefu wa mwanzo, na kompyuta ilikuwa inaniambia jambo hilo kwa adabu kabisa. Mimi nilichofanya ni kuiziba mdomo. Niliweka try juu, except chini, na ndani ya except nikaandika pass, yaani ukipata shida endelea kama hujaiona. Kelele zikaisha.

Baadaye kidogo nikagundua kuna watu waliomaliza na bado wamo kwenye orodha. Si wengi, mmoja mmoja. Sikuelewa kwa nini, na sikutaka kukaa chini nielewe. Nikaiendesha lupu ileile mara mbili mfululizo. Waliobaki kwenye mzunguko wa kwanza wakaondoka kwenye wa pili. Nikafunga kompyuta, nikaenda nyumbani nikiwa nimeridhika. Mwenzangu, kama una mahali kwenye kazi yako ambapo kitu kinafanywa mara mbili na hujui kwa nini mara moja haitoshi, naomba ukiache kidogo kisomo hiki ukapatazame.

Ilikuwa Desemba nilipopigiwa simu na karani wa Saccos moja. Kuna mama wa makamo amefika ofisini na risiti zake zote kwenye bahasha ya kaki, amemaliza mkopo, na bado anatumiwa ujumbe kwamba anadaiwa. Ujumbe wenyewe aliusoma mwanawe mbele ya wakwe. Nilimjibu karani bila hata kufungua programu. Nilimwambia ni yeye aliyeingiza rejesho vibaya, aangalie tarehe. Akaangalia, akarudi: limeingia sawasawa. Nikamwambia basi ni mtandao. Nimetaja mengi humu, lakini hili ndilo linalonichoma mpaka leo kuliko lupu zote. Yule karani hakuwa na namna ya kunibishia. Hakuijua programu, na mimi nilitumia kutokujua kwake kujifichia.

Ofisini kwetu kulikuwa na dada aliyenitangulia kazini miaka mingi. Alikuwa anashughulikia mambo ya seva na hatukuwa tunagusana sana. Alisikia maneno yangu ya kwenye simu. Hakusema kitu mpaka nilipokata. Kisha akavuta kiti.

"Mdogo wangu, nioneshe hiyo sehemu."

Nikamwonesha. Alisoma muda mrefu kuliko nilivyotarajia, akauliza kwa nini inazunguka mara mbili. Nikasema ni kwa usalama. Hakucheka. Akaniuliza, "Hapa unataka nini?"

"Nataka nianze na i sawa na sifuri, niende mpaka..."

"Hapana. Hayo ni ya kompyuta. Wewe mwenyewe unataka nini?"

Nikafikiri. "Nataka wale ambao bado wanadaiwa."

"Mbona hapa hujasema hivyo mahali popote?"

Akachukua vifuniko vya soda kwenye meza ya chai, akavipanga vinne kwa mstari. Akasema hawa wote wamemaliza, na wewe ndiye lupu, anza. Nikaweka kidole kwenye nafasi ya kwanza, nikakiondoa kifuniko. Vilivyobaki akavisogeza kushoto vizibe pengo, kama orodha inavyofanya. Wa pili sasa akawa kwenye nafasi ya kwanza. Kidole changu, kwa sheria niliyoiandika mwenyewe, kikaenda nafasi ya pili, na pale alikuwa amekaa wa tatu. Wa pili nimemruka, sikumwona kabisa. Nikamwondoa wa tatu, wa nne akasogea, nikamruka naye. Mzunguko ukaisha, mezani vimebaki viwili. Tukaanza mzunguko wa pili: nikaondoa cha kwanza, cha mwisho kikasogea kwenye nafasi niliyoiacha nyuma, nikapita. Kikabaki kimoja. Alikuwa yule wa nne.

Sikuwahi kuona kitu kikiwa wazi namna ile, nami nilikuwa nimekiangalia kwa miezi.

Kwa nini hakikujitokeza mapema? Kwa sababu miezi ya kawaida waliomaliza hutawanyika kwenye orodha, mmoja huku na mwingine kule, na mizunguko miwili inatosha. Ila mama yule alikopa siku moja na wenzake wa kikundi, namba zao za mkopo zikafuatana, wakalipa kwa uaminifu pamoja na wakamaliza mwezi mmoja. Uaminifu wao ndio uliowapanga mstari mbele ya ubovu wangu.

Dada akasogeza kibodi kwangu. Hakuandika yeye. Akasema andika ulivyoniambia kwa mdomo. Nikaandika, nikafuta, nikaandika tena, na mwishowe ikawa hivi:

wadaiwa = [m for m in waliokopa if m.salio > 0]

Chukua kila mtu katika waliokopa ikiwa salio lake linazidi sifuri. Orodha mpya inajengwa na ile ya zamani haiguswi, kwa hiyo hakuna anayesogea, na asiyesogea harukwi. Try ikaondoka, except ikaondoka, mzunguko wa pili ukaondoka, x2 ikaondoka. Sitasema nilifurahi. Nilihisi aibu, kwa sababu mstari ule mmoja ungeweza kusomwa na karani niliyemlaumu, naye angeelewa.

Nilingoja kupelekwa kwa mkuu wa ofisi. Nilistahili. Dada aliandika barua kwa Saccos ile kwamba hitilafu imepatikana kwenye programu yetu, tumeisahihisha, na tunaomba radhi. Hakutaja mtu. Akanipa namba mbili za simu, ya karani na ya yule mama, akasema hizi ni zako.

Karani nilimwambia ukweli wote, pamoja na kwamba sikuwa nimefungua programu nilipomjibu mara ya kwanza. Alinyamaza kidogo akasema, "Yameisha, kaka." Na kweli yaliisha, mpaka leo tunafanya kazi pamoja na hajawahi kunikumbusha.

Mama niliogopa zaidi. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

Nikajieleza. Akasema alijua tu ni kompyuta. Nikamwambia si kompyuta, mama, ni mimi niliyeiandika. Akakaa kimya, halafu akacheka. "Basi wewe ndiye kompyuta. Haya baba, ukimaliza kwangu mwangalie na jirani yangu, tulikopa pamoja, naye wanamtumia."

Nilikata simu nikapanga vifuniko vya soda, safari hii vinane, maana kikundi chao walikuwa wanane. Mizunguko miwili iliniachia viwili: wa nne na wa nane. Nikafungua orodha. Mama alikuwa wa nne, jirani wa nane. Nikazipitia orodha za miezi yote ya nyuma, za kila chama tulichokihudumia, nikitafuta waliosimama nafasi hizo. Walikuwepo wengine. Wao hawakuja ofisini na risiti. Walisoma ujumbe wakanyamaza, au walikwenda kulipa tena. Waliolipa zaidi walirudishiwa, na wote waliombwa radhi. Kuna kipindi sikulala vizuri.

Naomba usidhani nilibadilika hapo kwa hapo. Nilichopata siku ile ni kujua tu kwamba sioni.

Dada alinipa video ya kutazama, mazungumzo ya Raymond Hettinger kwenye mkutano wa PyCon wa mwaka 2013 uliofanyika Santa Clara, California. Hettinger ni mmoja wa watu wanaoijenga Python yenyewe. Katika video ile anaweka lupu za kizamani upande mmoja na za Python upande wa pili, moja baada ya nyingine, na kila aliyoiweka kuwa mbaya nilikuwa nayo mimi. Unataka kitu pamoja na namba yake? Kuna enumerate. Unataka kurudi nyuma kutoka mwisho? Kuna reversed, huna haja ya kuhesabu kuanzia urefu toa moja mpaka hasi moja kwa hatua hasi moja, mahali ambapo nilikuwa nikikosea karibu kila mara. Unataka kuzipitia orodha mbili kwa pamoja? Kuna zip.

Nilichokuja kukisoma baadaye kikanituliza zaidi. Enumerate haikuwepo tangu mwanzo. Hettinger huyohuyo aliandika pendekezo lake mwaka 2002, ikaingia kwenye toleo la 2.3 mwaka uliofuata, kwa sababu waandishi wa Python nao walikuwa wakiandika range na len kama mimi. Ule mtindo wa kujenga orodha kwa mstari mmoja uliingia na toleo la 2.0, mwaka 2000. Na wazo la msingi, kwamba lupu itembee juu ya vitu vyenyewe badala ya juu ya namba, Guido van Rossum alikuwa nalo alipoitoa Python kwa mara ya kwanza mwaka 1991. Kabla ya hapo alifanya kazi Amsterdam kwenye lugha iliyoitwa ABC, iliyokusudiwa watu wasio wataalamu wa kompyuta. Kile nilichokiona ni cha watoto kilikuwa kimekusudiwa, kimepiganiwa na kupimwa na watu wenye akili kunishinda, na kilikuwa kikiningoja bure tangu kabla sijashika kompyuta.

Basi nikaingiwa na bidii ya mwongofu mpya. Kila faili nililofungua nilifumua na kusuka upya. Mahali pamoja palikuwa na orodha mbili: majina ya wanachama, na makato ya mishahara yao yaliyoletwa na mwajiri kwa mpangilio uleule. Lupu ya zamani ilichukua jina la nafasi i na kato la nafasi i. Nikaiondoa nikaweka zip, ikapendeza sana. Mwezi uliofuata faili la mwajiri likaja pungufu, ukurasa wa mwisho haupo. Zip ina desturi ya kusimama pale orodha fupi inapoishia, bila neno. Wanachama wa mwishoni hawakuwekewa michango yao. Bahati njema karani alilinganisha jumla ya benki na jumla ya programu, zikapishana, akanipigia. Safari hii nilifungua programu kwanza.

Jambo hili lilinisumbua kuliko nilivyoweza kueleza, kwa kuwa lupu yangu mbovu ya zamani isingekubali. Ingefika mwisho wa makato, ingekosa nafasi, ingepiga kelele na kusimama. Nilikuwa nimeondoa ubaya pamoja na kengele iliyokuwa ndani yake. Tangu toleo la 3.10, la mwaka 2021, zip unaweza kuiandikia strict=True, ikakataa orodha zisizolingana, na siku hizi sioni sababu ya kuiacha kwenye mambo ya fedha. Lakini dada alipoangalia alisema shida haikuwa zip. Kwa nini umwamini mtu na kato lake kwa sababu tu wamekaa safu moja? Kwenye faili kuna namba ya uanachama. Tumia hiyo. Nilikuwa nimebadilisha nguo, lakini bado nilikuwa naabudu nafasi.

Ndipo akanieleza kitu ambacho nilipaswa kukijua kabla ya kugusa hata mstari mmoja. Martin Fowler, katika kitabu chake cha mwaka 1999 kilichoieneza kazi hii ya kufumua na kusuka programu upya, anaifafanua kuwa ni kubadilisha muundo wa ndani wa programu pasipo kubadilisha tabia yake inayoonekana nje. Mimi nilikuwa nabadilisha vyote viwili kwa pamoja na kuita ni usafi. Akanipa utaratibu, nao ni mdogo tu: kabla hujagusa, iendeshe programu ya zamani kwa mafaili halisi ya miezi iliyopita, pamoja na yale mabovu, na majibu uyahifadhi. Badilisha kipande kimoja. Endesha tena. Linganisha mpaka senti. Kama kuna tofauti, hata kama unaamini jipya ndilo sahihi, simama ueleze kwa nini. Kazi hii inachosha. Niliifanya kwa shingo upande kwa muda mrefu.

Kuna kipindi pia nilipotumbukia kwenye majivuno ya upande wa pili. Nilijifunza kubana. Lupu tatu zilizoingiana niliziweka kwenye mstari mmoja uliozidi upana wa kioo, nikampelekea dada nikitarajia sifa. Akasema, "Nisomee kwa sauti." Nikaanza: kwa kila mkopo katika mikopo ya kila mwanachama katika kila tawi, ikiwa tawi lina, hapana, ikiwa mkopo una... Nikakwama. Nikarudi mwanzo, nikakwama palepale. Hakusema lolote, akanirudishia. Niliitenganisha ikawa lupu mbili za kawaida, zenye majina ya kueleweka, mistari sita. Huo ndio mtihani ninaoutumia mpaka sasa: nisome kwa Kiswahili, kwa sauti, na sentensi iishe kabla sijaishiwa pumzi.

Yaliyonifaa zaidi hayakuwa hata ya urembo. Tulikuwa na kazi ya kuoanisha malipo ya simu na wanachama. Nilikuwa nimeiandika kwa lupu ndani ya lupu: kwa kila muamala, pitia wanachama wote mpaka umpate mwenye namba hiyo ya simu. Chukua wanachama 2,000 na miamala 5,000, hiyo inaweza kufika mara 10,000,000. Juu ya hayo, taarifa ya malipo huandika namba kwa kuanza na 255, na daftari la chama huandika kwa kuanza na sifuri, kwa hiyo kila mara, ndani kabisa, nilikuwa nikisafisha namba ya mwanachama yuleyule upya. Karani alikuwa akibonyeza, anakwenda kunywa chai. Nilipojiuliza lile swali la dada, unataka nini, jibu lilikuwa: nataka mwenye namba hii. Sikuhitaji kumtafuta mtu kwa kupita nyumba kwa nyumba. Nikasafisha namba mara moja kwa kila mwanachama, nikazipanga kwenye kamusi, namba ya simu upande mmoja na mwanachama upande mwingine, na kila muamala ukamwendea mtu wake moja kwa moja. Ndani mkabaki lupu mbili fupi, moja baada ya nyingine, wala si moja ndani ya nyingine. Karani alinipigia akadhani programu imeharibika, kwa kuwa ilimaliza kabla hajasimama kwenye kiti.

Bado sijapona. Vidole vyangu bado huandika range(len( vyenyewe, hasa nikiwa nimechoka au nina haraka, na huwa nafuta. Wakati mwingine namba ya nafasi ndiyo hasa inayotakiwa, kwa mfano ukilinganisha rejesho la mwezi huu na la mwezi uliotangulia, na hapo naiacha bila kujitesa. Kumdharau mwenye lupu mbaya nimeshindwa kabisa. Kila ninapoletewa moja namwona mama na bahasha yake, nakumbuka mimi nilihurumiwa kabla ya kuomba.

Na kuna moja ambayo ni yangu mwenyewe, iko hai mpaka sasa. Inakokotoa riba ya salio linalopungua, mwezi kwa mwezi. Ni lupu ya while, na while yenyewe pale ni halali, kwa kuwa hujui mtu atalipa kwa miezi mingapi, lakini ndani nilijaza bendera za ndiyo na hapana, na break tatu, na temp2 ipo. Majibu yake ni sahihi. Nimeyapima kwa mkono kwenye mikopo mingi. Wiki iliyopita nilimwandikia dada kwamba nataka kuifumua. Amenijibu nisubiri vyama vifunge mahesabu ya mwaka, kisha nianze kwa kuhifadhi majibu ya zamani, na nimpelekee mafaili ya majaribio kabla ya kumpelekea mstari wowote mpya. Mafaili nimeanza kuyakusanya. Kikundi cha akina mama wanane nimekiweka cha kwanza.